Helmeti ndani ya bagi kwenye vilima vya mchanga: tuvae au tusivae?

Msafiri_Rongai (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo limekigawanya kikundi chetu. Sisi ni watu kumi na mmoja wa hapa Nairobi, tuna mabagi manne (vile vigari vya wazi vya mchangani, vyenye kizimba cha mabomba ya chuma kumzunguka dereva), na kila Agosti tunayapakia kwenye lori na kushuka nayo pwani hadi Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ili kuyaendesha katika vilima vya mchanga vya kule. Mabagi mawili ni ya kiwandani, yale ya viti viwili yenye usukani na injini isiyofika sentimita za ujazo 1000. Mengine mawili yaliundwa hapa hapa mjini, na moja kati yake linatumia injini na giaboksi ya Volkswagen Beetle iliyokuwa imeoza bodi.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa akikata kilima kwa mshazari, kwa mwendo wa mtu anayekimbilia matatu, gurudumu la upande wa chini likazama, na bagi likalala ubavu taratibu kama ng'ombe anayejilaza kivulini. Tulianza kwa kucheka. Tulipofika tulimkuta amepasuka juu ya sikio, akashonwa nyuzi saba, na kwa muda wa saa nzima aliendelea kutuuliza swali lile lile, kwamba gari hili ni la nani. Lilikuwa lake. Mshipi alikuwa amefunga, ule wa kawaida unaopita begani na kiunoni, lakini helmeti hakuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo.

Tangu siku hiyo watano wanataka helmeti iwe sharti la safari, wanne wanakataa katakata, na wawili, mimi nikiwemo, tunavutwa huku na huku. Wanaokataa si watu wa kupuuzwa, kwa sababu wana hoja. Sheria nayo haitusaidii: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti, lakini bagi lenye magurudumu manne, likiwa mchangani mbali na barabara, si pikipiki. Kwa hiyo uamuzi ni wetu wenyewe, na ningependa tuufanye kwa sababu zinazoeleweka badala ya kupiga kura kwa hasira.

Kichwa_Wazi

Mimi ni mmoja wa wale wanne, na kwa kuwa mwenzangu amekuwa mwungwana wa kukiri kwamba tuna hoja, nitazieleza.

Ya kwanza ni shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, na helmeti inayofunika uso mzima huongeza kilo moja na nusu. Anayeendesha bagi mchangani hurushwa juu na chini mchana kutwa, na kila gari linapotua, shingo ndiyo inayobeba mzigo huo wa ziada. Nimewahi kuvaa helmeti kwa saa tatu kule Mambrui, na usiku wake sikuweza kugeuza kichwa ili kumjibu aliyekaa kando yangu.

Ya pili ni kusikia na kuona. Katika vilima vya mchanga hatari kubwa ni gari linalotokea upande wa pili wa kilele, na mara nyingi sauti ya injini yake hufika kabla halijaonekana. Ukishajiziba masikio na kujipunguzia upana wa macho, umejinyima onyo hilo.

Ya tatu ni joto la pwani, ambalo wanaoandika kutoka Kileleshwa huenda wamelisahau. Mtu aliyeishiwa na maji mwilini hufanya maamuzi mabaya kwenye usukani.

Na mwisho, mchanga si lami. Helmeti ya bodaboda ina maana kwa sababu Thika Road ni ngumu. Nikianguka kwenye mchanga nitaangukia mchanga.

Fundi_Kariobangi

Kabla sijasema lolote, namwomba mwanzilishi wa uzi anijibu swali moja. Yule aliyeshonwa nyuzi saba, damu mliikuta wapi?

Msafiri_Rongai

Kwenye bomba, ndugu fundi. Lile bomba la kizimba linalopita kando ya kichwa cha dereva, upande wa kushoto, karibu na pembe. Mchangani hapakuwa na tone hata moja. Nakiri kwamba sikuwahi kulitilia maanani mpaka ulipouliza.

Fundi_Kariobangi

Nilidhani hivyo. Nimechomelea vizimba vya mabagi na vya magari ya rali za vijijini kwa miaka kumi na miwili, na sijawahi kuletewa gari ambalo dereva wake aliumizwa kichwa na ardhi. Dereva aliyefunga mshipi ndani ya kizimba haifikii ardhi. Anachofikia ni kizimba chenyewe, yaani lile bomba la chuma tulilomwekea ili limwokoe, ambalo liko shubiri moja kutoka kichwani mwake. Bagi linapolala ubavu, hata polepole, kichwa hubembea kama kengele, na chuma hakijali kama kasi ilikuwa ya kilomita kumi au themanini. Kwa hiyo ndugu Kichwa_Wazi ana haki anaposema kwamba mchanga si lami, ila amejibu swali ambalo halikuulizwa. Helmeti ndani ya bagi huvaliwa kwa ajili ya bomba.

Ukikubali hilo, mambo kadhaa hubadilika, na mengine yanatuhusu sisi mafundi kuliko madereva.

La kwanza ni nafasi. Watu hujenga bagi, huketi ndani wakiwa na nywele zao tu, huridhika, kisha hununua helmeti na kukuta kwamba sasa wanagusa paa. Kuna kipimo rahisi: keti kitini ukiwa umevaa helmeti na umefunga mshipi, mwambie mtu avute kamba kutoka juu ya bomba kuu la nyuma hadi juu ya bomba la mbele, kisha apime kutoka kamba hadi kilele cha helmeti. Pasipokuwa na sentimita tano, kizimba ni kifupi au kiti kiko juu mno. Kushusha kiti ni kazi ya nusu siku. Kuinua kizimba ni kukata na kuchomelea upya, na hapo ndipo wateja wangu huanza kukumbuka karo ya shule.

La pili ni mabomba yenyewe. Nimeona vizimba vilivyojengwa kwa bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Bomba hilo lina mshono, ukuta wake haukukusudiwa kubeba gari, na ile zinki hutoa moshi wa sumu ukiichomelea na kuharibu weldi. Helmeti haitamfaa mtu ambaye paa lake limeshuka hadi mabegani.

La tatu ni yale masponji. Watu huviringisha kipande cha godoro kwenye bomba na kudhani wamemaliza. Sponji ya godoro huminyika yote kabla kichwa hakijapunguza mwendo, na baada ya hapo ni chuma tu. Inayohitajika ni povu gumu, ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba halikubali kwa urahisi, na hata hilo limekusudiwa kugongwa na helmeti, kwa kuwa kwa kichwa kitupu nalo ni gumu.

Mtibashingo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na ningependa kuijibu hoja ya shingo, kwa kuwa ndiyo iliyo na uzito zaidi na mara nyingi hutupwa kando kwa dharau.

Ni kweli kwamba uzito wa helmeti huongeza mzigo wa shingo. Ni kweli pia kwamba gari linaposimama ghafla huku mwili umezuiwa na mshipi imara, kichwa huendelea mbele na kulivuta fuvu mahali linapokutana na uti wa mgongo. Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa mbio za magari wa Marekani, alifariki hivyo huko Daytona tarehe 18 Februari 2001, kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, akiwa amevaa helmeti iliyoacha uso wazi.

Hata hivyo, tazama dunia ya mashindano ilijibu nini. Hawakuvua helmeti. Walieneza kifaa kiitwacho HANS, alichokibuni Robert Hubbard, mtaalamu wa mwendo wa mwili, akishirikiana na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva. Kifaa hicho hukaa mabegani chini ya mishipi na hufungwa kwa kamba fupi kwenye helmeti, ili kichwa na kiwiliwili viende pamoja. Formula 1 ilikifanya kuwa lazima mwaka 2003. Angalieni kinafungwa wapi: pasipo helmeti hakuna pa kukifunga. Anayeiogopea shingo yake kweli hana budi kupitia kwenye helmeti kwanza.

Kwa safari ya starehe ya Mambrui sitawaambia mnunue vifaa vya mashindano. Hata ile kola ya duara ya povu wanayovaa madereva wa gokati hupunguza uchovu kwa kuubeba uzito wa helmeti, ingawa haifanyi kazi ya HANS na asidanganyike mtu. Maumivu ya ndugu Kichwa_Wazi baada ya saa tatu ni ya misuli, nayo yana dawa: helmeti nyepesi, mapumziko kila baada ya dakika arobaini, na kiti kisichosukuma helmeti mbele. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kiti chenye egemeo la kichwa lililochomoza kiliundwa kwa ajili ya kichwa kisicho na helmeti, na ukivaa, kidevu husukumwa kifuani mchana kutwa.

Ubongo hauna dawa ya namna hiyo. Yule aliyeuliza kwa saa nzima kwamba gari ni la nani alikuwa na mtikisiko wa ubongo. Je, aliendesha tena siku hiyo?

Msafiri_Rongai

Aliendesha jioni yake. Tulimruhusu.

Mtibashingo

Naomba isitokee tena. Mtu wa namna hiyo hapaswi kurudi kwenye usukani siku ile, na anapaswa kuangaliwa usiku kucha, kwa kuwa damu inayovuja polepole ndani ya fuvu huweza kuonyesha dalili zake saa kadhaa baadaye. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120, na hali ikibadilika saa nane za usiku mtaihesabu kila moja.

Aliyerudi_Ghuba

Nilifanya kazi ya udereva katika Falme za Kiarabu kwa miaka minne, nikiwapeleka watalii kwenye mchanga wa Al Badayer, kando ya barabara ya kwenda Hatta. Mtaona ajabu nikiwaambia kwamba ndani ya zile Land Cruiser hatukuvaa helmeti hata siku moja, na wakati huo huo waliokodi mabagi mita mia moja kutoka kwetu walikuwa hawakabidhiwi ufunguo kabla hawajavaa. Wageni walituuliza kila siku ni kwa nini. Ndani ya Land Cruiser kuna paa, vioo, mifuko ya hewa na nafasi kati ya kichwa na chuma, na kizimba cha ndani kimefichwa nyuma ya vitambaa. Ndani ya bagi hakuna kati yako na bomba ila hewa. Fundi wa Kariobangi amelieleza vizuri kuliko tulivyowahi kulieleza sisi.

Huko California, ambako vilima vya Glamis hujaa mabagi kila msimu wa baridi, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2013 inamtaka kila aliye ndani ya bagi la kiwandani avae helmeti na mshipi, lakini magari ya mchanga yaliyoundwa na watu binafsi hayakuingizwa katika sheria hiyo. Nililijua hili kwa sababu wageni wa kutoka huko walikuwa wakibishana juu yake ndani ya gari langu kama ninyi mnavyobishana hapa. Msije mkaiga mgawanyo huo na kudhani kwamba mabagi yenu mawili ya nyumbani yamesamehewa. Kizimba cha Grogan, kule kwa mafundi wa magari wa Nairobi, hakiwi laini kwa sababu kilijengwa na rafiki yako.

Kuhusu kusikia, sikubaliani na ndugu Kichwa_Wazi. Injini yako iko nyuma ya kisogo, na kwa kishindo chake hutasikia gari la upande wa pili hata ukiwa na kichwa kitupu. Kinga ya kweli ni bendera kwenye mlingoti mrefu, ili ionekane kabla ya gari, na adabu ya kilele, yaani kutokiruka kilele usichokijua. Upande unaopigwa na upepo huwa umeshindiliwa na una mteremko wa pole, na upande wa pili mchanga humwagika na kusimama kwa takribani nyuzi 34, laini na wa ghafla. Anayeruka kilele asichokijua hutua pua mbele kwenye ule upande laini, na hapo ndipo mabagi hupinduka kichwa chini. Pwani mna Kusi na Kaskazi, na upepo ukibadilika msimu, kilele ulichokizoea hubadilika sura. Pia msiendeshe jua likiwa utosini, kwa maana mchanga hupoteza vivuli na shimo huonekana kama uwanja. Ukipumzika saa hizo, hoja ya joto nayo inapungua.

Kwa upande wa macho, helmeti ya vumbi iliyo wazi mbele, pamoja na miwani ya vumbi, haizibi pembeni kama helmeti ya barabarani yenye kioo.

Mpenda_Rali

Niongeze neno kuhusu helmeti ipi, kwa sababu naona mtu ataishia kuazima ya mwendesha boda wa mtaani.

Helmeti hufanya kazi kwa lile povu gumu la ndani, ambalo hupondeka na kula nguvu ya pigo. Likishapondeka halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa, na ndiyo maana helmeti iliyogongwa mara moja ni ya kutupwa. Zile nyepesi zinazouzwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana, ukizifungua, baadhi yake zina kitambaa na sponji tu. Hizo ni kofia za kumridhisha askari.

Kuna taasisi ya Marekani iitwayo Snell, iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva Pete Snell kufariki mashindanoni mwaka 1956 kwa jeraha la kichwa ambalo helmeti yake haikulizuia. Viwango vyake vinatofautishwa kwa herufi: M ni ya pikipiki, SA ni ya magari. Tofauti yake inagusa uzi huu moja kwa moja, kwa kuwa helmeti ya SA hupimwa kwa kugongwa tena na tena kwenye umbo la bomba la kizimba, na kitambaa chake hupimwa kwa moto. Yaani waliowahi kufikiri juu ya jambo hili walikuwa wamefika pale pale alipofika fundi wetu kwa kuangalia damu.

SA ni ghali na hapa Nairobi huipati bila kuagiza. Kwa maoni yangu helmeti halisi ya pikipiki yenye alama ya kiwango cha kimataifa cha ECE 22.06, inayokubana mashavu na isiyozunguka ukiitikisa, ni bora mara nyingi kuliko kusubiri ile ya ndoto.

MamaWawili

Nimesoma yote kwa makini kwa sababu mume wangu anataka kumpandisha mtoto wetu wa miaka minane. Je, helmeti ya mtoto inatosha?

Mtibashingo

Dada, anza na miguu. Mtoto akiketi mgongo ukiwa umeegemea kiti, kama nyayo zake hazifiki sakafuni na mshipi unampita shingoni badala ya begani, bagi hilo si lake bado, hata akiwa na helmeti ya aina gani. Kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake na shingo yake haijakomaa, hivyo hoja ya uzito iliyotolewa hapo juu, ambayo kwa mtu mzima ina majibu, kwake ni nzito kweli. Mumeo amngoje akue.

Aliyerudi_Ghuba

Na kwa kuwa tumetaja pwani, naomba anayesoma huu uzi akiwa na mpango wa kwenda Lamu asipeleke bagi kwenye vilima vya Shela. Mchanga ule ndio unaochuja na kuhifadhi maji ya kunywa ya watu wa kisiwa. Samahani kwa kutoka njiani kidogo.

Kichwa_Wazi

Nimerudi baada ya siku tatu, na sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na msimamo mwingine. Hoja ya shingo bado ninayo, ila Mtibashingo amenionyesha kwamba nilikuwa nikilaumu helmeti kwa kosa la kiti. Hoja ya mchanga nimeiacha. Juzi niliingia ndani ya bagi langu hapo uani, nikafunga mshipi, nikamwambia kijana wangu alitikise gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Nililigusa bomba kwa sikio mara mbili, na gari lilikuwa limesimama.

Kisha nikaazima helmeti na kuvuta kamba kama fundi alivyoelekeza. Kipimo ni sentimita mbili. Kwa hiyo nikivaa helmeti nagonga juu, nisipovaa nagonga pembeni.

Msafiri_Rongai

Nimezungumza na wenzangu. Bagi lisilo na sentimita tano halipandi lorini, na asiye na helmeti yake mwenyewe atakuwa mpiga picha. Atakayegongwa kichwa hataendesha tena safari hiyo, hata akisema yuko sawa. Watatu wamekubali kwa shingo upande. Wa nne ni Kichwa_Wazi.

Kichwa_Wazi

Fundi, kushusha kiti kunanigharimu nini?

Fundi_Kariobangi

Lilete Jumamosi asubuhi kabla ya saa tatu. Njoo na helmeti utakayoivaa kweli, si ya kuazima, na uje wewe mwenyewe badala ya kumtuma kijana, maana nitapima ukiwa umeketi na mshipi umefungwa. Bei tutazungumza nikiona reli za kiti zimechomelewa na nani.